Toba ya Kuandikiwa

Wiki iliyopita tulimwacha Shangazi amesimama katikati ya ukumbi, ufagio mkono mmoja, shuka jeupe mkono wa pili. Shuka kalivuta mwenyewe. Mfagizi gani atakubali kitu kifunikwe ndani ya ukumbi anaoufagia yeye?

Nyuma ya shuka kulikuwa na bango refu kuliko mlango. Na katikati ya bango, msomaji wangu, kulikuwa na sura ambayo Shangazi ameiosha, ameifuta kamasi na kuiombea dua kwa miaka kumi na miwili.

Sura ya Kitasa!

Binti wa kaka yake. Yatima wa fundi makufuli. Jina hilo la utani alipewa na baba yake, siku alipokuwa na miaka sita akamtoa paka aliyefungiwa stoo, kwa pini ya nywele.

Shangazi aliishia darasa la saba, lakini herufi zilikuwa kubwa kama matofali. Akasoma mara mbili, polepole, asije akaisingizia karatasi.

NILIKUWA MFUNGUA MAKUFULI WA GENGE. LEO MRADI UMENIOKOA.

Ufagio ukamponyoka.

Ilikuwa saa tatu kasoro asubuhi. Saa nne wageni wangeingia: wafadhili, waandishi wa habari, na mgeni rasmi, Mkuu wa Kituo cha Polisi. Na Kitasa ndiye angesimama kipaza sauti mkononi, awasomee wote hao maneno hayo kwa mdomo wake.

Tuseme ukweli kuhusu Mradi huu wa Kuwatoa Vijana Magengeni. Ulikuwa na fulana, kofia, kalamu, na miavuli yenye nembo. Kitu pekee ulichokosa ni vijana wa magengeni. Wenyewe walipita pale siku ya kwanza, wakaona hakuna cha kubeba zaidi ya fulana, wakabeba fulana, wakaenda zao.

Akabaki mmoja tu, Kinyozi. Huyo aliacha uhalifu mara tatu. Mara ya kwanza alipewa cheti, mara ya pili mashine ya kunyolea, mara ya tatu kiti kinachozunguka. Na mtaa mzima ulijua kwamba kwenye kiti hicho kinachozunguka ndipo mipango ya kuibia watu inaponyolewa, ikachanwa, ikapakwa mafuta.

Shangazi akaenda mbio karakana ya nyuma, mkono umelishika shada la funguo kiunoni lisipige kelele.

Funguo tisa. Alizijua kwa vidole kama anavyozijua sala zake. Asubuhi hiyo Mratibu wa Mradi alimwomba shada lote, eti akatoe mwenyewe vipaza sauti stoo. Mratibu yule yule ambaye hata kikombe chake cha chai hajawahi kukiinua kukipeleka jikoni! Shangazi alishangaa, akamwombea baraka, akalipokea shada liliporudishwa, akaendelea kufagia.

Kitasa alikuwa amebana ufunguo kwenye jiliwa, anauchonga kwa tupa ya marehemu baba yake, ile yenye jino moja lililovunjika. Ukutani zilining'inia funguo kibao. Kila mtu wa ukumbini alileta zake zichongwe bure, na aliyebebeshwa kuzileta ni Shangazi, maana mfagizi ni miguu ya kila mwenye kiti.

"Wewe mtoto, umeanza lini wizi na nguo zako nafua mimi?"

Tupa ikasimama. "Shangazi, usipige kelele kwanza."

"Sijapiga. Nikipiga utajua."

"Umeliona bango."

"Hata kipofu ataliona, akigongana nalo."

Kitasa akafuta mikono kwenye aproni. "Nisikilize basi. Nilipokuja mara ya kwanza walinipa fomu. Imeandikwa, je, umewahi kuwa mwanachama wa genge? Nikajaza hapana. Wakanirudisha nyumbani. Wakasema nafasi ni za waliopotea tu, mimi sina sifa."

"Sina sifa!"

"Ndiyo. Wiki iliyofuata nikajaza ndiyo. Wakanipokea kwa makofi. Mratibu mwenyewe ndiye aliyenitajia cha kuandika. Akasema, wewe mtoto wa fundi makufuli, andika ulikuwa unawafungulia, itasomeka vizuri."

Shangazi akamtazama kutoka kichwani mpaka kwenye ndala.

"Kwa hiyo umejipaka kinyesi ili ugawiwe sabuni."

"Tumejipaka wote, Shangazi. Yule mpole mwenye miwani? Kaandika alikuwa anauza bangi. Hata kuivuta hawezi, ana pumu."

"Na ulipoapa uongo kwa karatasi, Mungu ulimweka wapi?"

Kitasa akainamisha kichwa. "Nilitaka kujifunza kazi ya baba. Leo nikisoma tu, napewa sanduku la vifaa na barua ya chuo cha ufundi. Kwani wewe unaijua njia nyingine?"

Njia nyingine haikuwepo. Mtoto mwizi alitengewa karakana, mtoto mwema akatengewa pole. Lakini palikuwa na jambo kubwa kuliko karakana.

"Mkuu wa Kituo naye atakupa nini? Umesahau duka la dawa?"

Rangi ikamtoka binti.

Siku tisa zilizopita duka la dawa la sokoni lilifunguliwa saa ya chakula cha mchana, watu wanapita. Kufuli halikuvunjwa. Mlinzi aliyetokea ghafla alipigwa chuma cha kichwa, na mpaka asubuhi hiyo alikuwa amelala hospitali hajitambui. Polisi walikuwa wanamtafuta mtu mmoja tu: mtu anayeweza kufungua kufuli bila kulivunja.

"Sikufikiria hilo," Kitasa alinong'ona.

"Utafikiriaje? Kufikiri hakukuwemo kwenye fomu."

Shangazi alimkuta Mratibu jukwaani, anapuliza kipaza sauti. Fuu, fuu! Moja mbili, moja mbili! Alikuwa mtu wa maneno laini, kama sabuni iliyoachwa majini. Ukimshika anateleza, ukimwachia anakuchafulia maji.

"Mama, umelifunua! Lilikuwa lifunuliwe na mgeni rasmi!"

"Baba, hii picha ishuke."

"Haishuki. Hiyo ndiyo hadithi yetu ya mafanikio."

"Ni hadithi ya uongo. Huyu mtoto hajaiba hata kijiti cha kiberiti."

Mratibu akatabasamu meno yote. "Si umeona mwenyewe? Haibi. Mradi umefanya kazi."

"Alikuwa haibi kabla yenu!"

"Kabla yetu hakuna kumbukumbu, mama."

Msomaji, mjinga ukimbishia hukasirika. Mratibu hukasirika wapi! Alimvuta Shangazi pembeni kwa upole, kama anayemsaidia mgonjwa kuvuka barabara.

"Nikuelimishe. Wafadhili wanataka vijana arobaini waliookolewa. Nikiwapelekea watoto wema, nitasema nimewaokoa na nini?"

"Katafute wabaya."

"Wabaya hawaji, mama. Wana shughuli zao."

"Basi mwambie mgeni rasmi hivyo hivyo. Leo."

Tabasamu likapungua kidogo. "Mgeni rasmi anajua yote. Nakala ya fomu ya binti yako iko kituoni tangu juzi. Ushirikiano na vyombo vya usalama, ipo kwenye mpango kazi wetu. Sasa nenda kapange viti. Kazi ya ufagio ni chini, isipande jukwaani."

Juzi!

Shangazi akageuka, akakutana uso kwa uso na fulana ya Mradi iliyopigwa pasi mpaka mstari. Ndani ya fulana alikuwa Kinyozi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja kuokoka mara ya nne?"

Kinyozi akacheka, akajipangusa kidevu kilichonyolewa kikang'aa. "Ulimi wako, Shangazi, ungefaa kunolea nyembe. Nimeliona bango. Mzuri, Kitasa. Mimi sikujua kama tuna mfungua makufuli. Miaka yote hii tunahangaika na nyundo!"

"Hamna. Na hamtakuwa naye."

"Si kaandika mwenyewe?" Akapunguza sauti, lakini tabasamu likabaki palepale, kwa ajili ya waliokuwa wanatazama kwa mbali. "Sikiliza, mama yangu. Akisoma leo, lile suala la duka la dawa limepata mwenyewe, na mtaa utapumzika. Akikataa kusoma, si kitu. Jumatatu nitamtumia vijana wamlete dukani kwangu. Aliyejiandika kwetu ni wetu. Kalamu haifutwi na ufagio."

Akaenda kuketi. Mstari wa mbele! Kiti chenye karatasi: BALOZI WA VIJANA.

Shangazi akasimama na vumbi lake. Akisoma, jela. Asiposoma, genge. Na Mradi wenye miavuli ishirini haukuwa na hata mmoja wa kumkinga mtoto huyu na mvua hii.

Akamwomba Mungu ampe akili haraka. Kilichomjia kilikuwa haraka kweli, ila akili yenyewe nusu.

"Kitasa! Njoo unitolee viti stoo."

Binti akaingia. Mlango nyuma yake ukafungwa, kufuli likalia ka!

"Shangazi?"

"Nisamehe, mwanangu. Bora ukose sanduku kuliko ukose miaka yako. Ukae humo mpaka waondoke. Ya Jumatatu tutayaona Jumatatu."

Msomaji, cheka tu, hatumwambii. Binti wa fundi makufuli kafungiwa kwa kufuli. Ni sawa na kumtia samaki ndooni, ukajaza maji, ukamwambia zama.

Saa nne wageni wakaingia. Wafadhili wakapewa soda na biskuti, wakapiga picha na vijana "waliookolewa," ambao walikaa mstari wa tatu na wa nne wamepauka kwa hofu, fulana zinawapwaya. Mwenye miwani alikuwa anavuta dawa yake ya pumu.

Mkuu wa Kituo hakunywa soda wala kupiga picha. Alikuwa mtu mwembamba, mkimya, na mapajani kwake aliweka bahasha ya kaki iliyovimba. Kila aliyetazama bango alitabasamu. Yeye alilitazama kama anayesoma anwani.

Mratibu akahutubia. Akasema takwimu, akasema changamoto, akasema ndoto. Kinyozi akapiga makofi mpaka mikono ikawa miekundu. Kisha ikafika saa yenyewe.

"Na sasa, mabibi na mabwana, binti aliyekuwa akifungua milango ya wizi, leo atatufungulia moyo wake! Kitasa, karibu!"

Hakutokea mtu.

Shangazi alikuwa amesimama mgongo kwenye mlango wa stoo, mkono juu ya shada la funguo kiunoni, midomo inacheza kwa dua.

"Kitasa! Karibu, binti yetu!"

Waandishi wakaanza kunong'ona. Kinyozi akageuza shingo, akamtazama Shangazi, akamkonyeza. Mratibu akatoa kitambaa, akajifuta paji.

Moyo wa Shangazi ukaanza kutulia. Umepita, alijisemea. Mungu mkubwa, umepita.

Tik.

Sauti ndogo tu, nyuma ya mgongo wake. Mlango wa stoo ulikuwa na upenyo ambao mkono wa binti unapita. Kufuli likaning'inia wazi. Mlango ukamsukuma Shangazi taratibu, kwa adabu, na Kitasa akatoka, nywele zimemwagika upande mmoja, pini iko mkononi.

Mbele ya ukumbi mzima! Mbele ya Mkuu wa Kituo!

"Kwani wewe ndiye yule paka wa stoo?" Shangazi alimnong'oneza, machozi yanamlengalenga. "Rudi ndani!"

"Baba hakunifundisha kukaa ndani, Shangazi."

Kule mbele Mkuu wa Kituo alitoa kalamu, akaandika neno moja.

Kitasa akapanda jukwaani. Mratibu akamkabidhi karatasi yenye toba yake, iliyopigwa chapa, yenye nembo juu na nembo chini. Binti akaitazama. Akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni.

"Mimi sijawahi kuwa mwanagenge," alisema.

Kipaza sauti kikalia kwii!

"Niliandika uongo ili nifundishwe kazi. Ni kosa langu, na Mungu anisamehe. Lakini uongo wenyewe niliandikiwa. Wenzangu, tafadhali. Aliyejaza ndiyo wakati jibu lake ni hapana, anyooshe mkono."

"Muda umetubana!" Mratibu alirukia. "Tuendelee na burudani!"

Hakuna aliyesogea. Kisha mwenye miwani, kifua kinapiga filimbi, akanyoosha mkono. Wa pili akanyoosha. Wa tano. Mara mstari wa tatu wote na wa nne wote ukawa msitu wa mikono, na mfadhili mmoja mnene, kwa kudhani ni sehemu ya burudani, akanyoosha wake pia.

Vijana arobaini walikuwa na fulana za Mradi siku ile. Mikono ya vijana iliyonyooka, pamoja na wa Kitasa, ilikuwa thelathini na tisa.

Macho yote yakamwendea wa arobaini. Kinyozi, Balozi wa Vijana, mstari wa mbele, mikono imeganda mapajani. Kwa mara ya kwanza alichelewa kudanganya.

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mpiga picha akatikisika mpaka picha zikaharibika. Shangazi alicheka na kulia kwa pamoja, akafuta vyote kwa kanga moja.

Laiti tungeishia hapo!

Mkuu wa Kituo akasimama. Kicheko kikakatika kama bomba lililofungwa.

"Umesema vizuri, binti," alisema. "Lakini mimi sikuja kwa ajili ya fomu peke yake." Akafungua bahasha ya kaki, akaweka mezani kitu kizito. Kufuli. "Hili lilikuwa kwenye duka la dawa. Nimeona sasa hivi unachoweza kufanya kwa pini. Niambie hili lilifunguliwaje."

"Usiliguse!" Shangazi alipaza sauti kutoka nyuma.

Lakini Kitasa alishaliinua. Ukimpa fundi kitu chenye siri, umempa mlevi chupa. Akaligeuza, akalielekeza dirishani, akachungulia mdomo wake kwa jicho moja.

"Pini haijaingia humu," alisema, na sauti yake ikawa kama ya marehemu baba yake. "Pini huacha mikwaruzo ya ovyo. Nendeni mkaangalie la stoo, mtaiona. Hili limefunguliwa kwa ufunguo. Ufunguo mpya. Unga wa shaba bado umo ndani."

"Mwenye duka anao mmoja tu, na anasema hakumpa mtu," alisema Mkuu.

"Basi umechongwa mwingine. Na aliyechonga..."

Akasogeza kufuli karibu zaidi na mwanga. Shangazi, aliyeijua sura ile tangu ina meno ya maziwa, aliona damu inaikimbia.

"Aliyechonga alikuwa na tupa mbovu," Kitasa alimalizia taratibu. "Ina jino limevunjika. Inaacha mstari mmoja kwenye kila jino la ufunguo, na mstari huo umekwaruza humu ndani."

"Tupa hiyo iko wapi?"

"Karakana ya nyuma. Ni yangu." Akaliweka kufuli mezani. "Ufunguo huo nimeuchonga mimi, mzee. Ila naapa sikujua ni wa wapi."

Ukumbi mzima ukavuta pumzi.

"Nani alikuletea wa kuigiza?"

Kitasa aliinua macho tu, yakapita juu ya vichwa vya wafadhili, juu ya fulana na kofia, yakaenda mpaka nyuma kabisa, penye mlango wa stoo.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya mtoto wa miaka sita.

Na Shangazi akakumbuka. Siku kumi zilizopita. Bahasha ndogo, ndani yake ufunguo mmoja. Mpelekee binti achonge mwenzake, mama, ni wa kabati la vikombe. Nani aliyesema hivyo? Yule yule anayepuliza kipaza sauti!

"Nilitumwa!" alilia, anasukuma viti kwenda mbele. "Nilitumwa na huyo hapo! Mratibu!"

Mratibu hakukasirika. Alitikisa kichwa kwa huruma, akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Ndugu zangu, mama yetu amechanganyikiwa, tumwelewe. Mimi sipendi kumhukumu mtu. Nitauliza tu swali moja dogo. Katika jengo hili, ni nani anayetembea na funguo za kila mlango?"

Vichwa vikageuka. Kinyozi alikuwa wa kwanza kugeuka, na kidevu chake king'aacho kilikuwa kimepata tena tabasamu.

Shangazi hakutetereka. Mtu aliyefagia miaka kumi na nne bila kuokota hata senti isiyo yake ana cha kuogopa? Akafungua pindo la kanga, akachomoa shada zima, akaliweka kwenye kiganja cha Mkuu wa Kituo.

"Hizo hapo, baba. Zihesabu. Ni tisa, kila mmoja na mlango wake, nitakuonyesha kwa macho yaliyofumbwa."

Mkuu akaanza kuhesabu kwa sauti, anasogeza mmoja mmoja kwa kidole gumba. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba. Nane. Tisa.

Kidole kikasimama.

"Kumi," alisema.

Ulikuwa mpya, unang'aa kama jicho la paka, na kwenye kila jino lake kulikuwa na mstari mmoja.